Skrini ya Pili Ni Bwambale

Jumatatu, 3 Machi 2025

Shajara mpya! Ile ya zamani niliandika kwenye daftari, panya wakaila kuanzia Januari mpaka Juni. Hii ni ya kwenye laptop, ndani ya faili niliyoiita "Risiti za 2019". Nani atafungua kitu kama hicho? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ninazo nyingi, ingawa zile za kichwani zimepungua.

Habari kubwa hapa Bwera. Mama Marita, mwenyekiti wa ushirika wa kahawa wa akina mama wa milimani, anataka vitambulisho vya wanachama wote mia tatu na kumi na wawili. Vya mwaka juzi vilichapwa na fundi mmoja wa mbali, yakatokea maajabu. Kwetu Wakonzo msichana wa kwanza ni Masika na wa pili ni Biira, baba atake asitake. Sasa piga hesabu kuna akina Masika wangapi katika wanawake mia tatu. Sura zilichanganyika zote. Bibi mmoja wa miaka themanini alipewa kadi yenye sura ya bibi harusi, na mpaka leo amekataa kuirudisha.

Kwa hiyo safari hii Mama Marita ameweka sharti. Kila mwanachama aione sura yake na jina lake kwenye skrini, kwa macho yake mwenyewe, ndipo kadi ichapwe. Atakuja Jumamosi, Siku ya Wanawake, kuchagua nani apewe kazi. Katika barabara yetu ofisi za kuchapa ni mbili tu. Yangu, na ya Crispus ng'ambo.

Crispus ni mdogo wangu. Tumbo moja! Mimi ni Yeseri Baluku, kifungua mimba. Yeye ni Bwambale, wa pili. Tulikaa duka moja miaka sita, tukagombana juu ya meza ya mlangoni, ile yenye upepo. Nilimwambia mkubwa ndiye hukaa mlangoni. Akasema yeye ndiye anayechapa haraka. Akabeba printa yake, akavuka barabara, na nusu ya wateja wakavuka naye. Nusu ya pili inajiandaa kuvuka. Nikikosa kazi hii nafunga duka, naenda Mubuku kulima mpunga kwa shemeji. Shemeji husimamia wakulima wake kwa filimbi. Mungu wangu, filimbi!

Lakini nina mpango. Crispus ana skrini moja tu. Mteja akitaka kuona, anaizungusha laptop yake kama sahani ya ugali. Mimi nitakuwa na mbili: moja yangu, na ya pili dirishani, uso umeelekea barabarani, akina mama wajione wakiwa kwenye foleni. Nimeipata mpakani kwa Jean-Bosco, Mkongo wa Butembo anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika. Nimempa redio yangu na jogoo. Kaapa kwamba skrini iko muzuri sana, ilitoka Bubeligi, yaani Ubelgiji, haiko na shida hata moja.

Laptop nimeipa jina Baluku. Skrini mpya, Bwambale. Nimeunganisha waya. Bwambale ameandika kwa Kiingereza kwamba haoni signal yoyote, kisha akazima. Ameanza ukaidi siku ya kwanza, sawasawa na yule mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Safari ya Kasese. Dada mmoja muuza vifaa, Ronah, aliutazama waya wangu akacheka mpaka akakaa chini. Akaeleza kwamba laptop yangu inazungumza lugha ya sasa, skrini inajua ya zamani tu, na waya mtupu hauwezi kutafsiri. Nahitaji kidude cha katikati cha kubadilisha. Amenipa. Kidogo kama kiberiti. Nimerudi Bwera nikiimba.

Laptop yangu inatumia mfumo wa Linux. Watu hunicheka, lakini flashi za wateja wa Bwera zina virusi kuliko vumbi, na Linux haijaugua hata siku moja. Nani aliniwekea? Tusiingie huko. (Crispus.)

Nimechomeka kidude. Mashine ikauliza: skrini mbili ziwe uwanja mmoja mpana, kila moja na mambo yake, au zote zionyeshe kitu kilekile? Swali gani hilo! Mdogo ana mambo gani yake? Mdogo afuate mkubwa. Nikachagua kitu kilekile.

Kisha nikatoka nje kuangalia. Bila shaka nilifunga laptop kwanza. Mimi siiachi wazi hata nikienda msalani: nikisimama tu nabonyeza vibonye viwili, inajifunga, inadai neno la siri. Ndani mna mipango, na Crispus ana macho marefu. Nikazunguka mpaka dirishani. Bwambale mweusi tii! Nikarudi, nikabadilisha, nikafunga laptop, nikatoka. Mweusi. Mara kumi na moja. Viatu vimejaa tope.

Sikati tamaa. Wakati natengeneza, nitampunguza nguvu mpinzani. Kesho nitaeneza habari kwamba laptop ya Crispus inazeesha sura za watu. Nitaanza na mafundi cherehani, wale hawana breki. Sijamwambia mtu. Naandika hapa saa kumi jioni, duka tupu, siri yangu na Mungu.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu! Nimefungua duka saa mbili asubuhi, mdomo wangu bado haujasema neno, na Crispus tayari ametundika bango: HAPA SURA HAZIZEEKI. Herufi nyekundu. Amenipungia mkono.

Kuna mpelelezi. Nimemshuku paka. Nimemshuku shemeji. Mwisho nimemshuku Geneviève, mke wa Jean-Bosco, anayekaanga mandazi ng'ambo karibu na Crispus, anatazamana na dirisha langu siku nzima. Biashara yake imepanda ghafla. Jana saa kumi benchi lake lilikuwa na watu watatu. Leo nimehesabu tisa, na waendesha boda wawili wamekaa juu ya pikipiki zao, wote wameelekea kwangu. Nafikiri wananiheshimu. Mtu mwenye skrini mbili si mchezo.

Kompyuta yenyewe inasema Bwambale ameunganishwa. Nimeiandikia amri, ikajibu: ameunganishwa, mzima, anafanya kazi. Muongo mkubwa. Nimezima nikawasha. Nimechomoa nikachomeka. Nimebadilisha namna ya kuingia kama walivyoshauri watu wa mtandaoni. Kila mara nafunga laptop, natoka, naangalia: giza.

Nikamwita Jean-Bosco achukue skrini yake, anirudishie jogoo. Kaja na mkewe, majivu ya Jumatano kwenye paji la uso. Geneviève akasema, "Iko inawaka, papa. Miye niliona na macho yangu." Bila shaka atasema hivyo, ni mke wa muuzaji! Nikafunga laptop, nikawapeleka nje wote wawili, nikawaonyesha. Nyeusi! Jean-Bosco kakuna kichwa. Mkewe kacheka, kaniambia nirudi ndani niandikeandike kidogo, yeye atanipigia kelele. Mimi niamrishwe na muuza mandazi? Aa wapi. Na jogoo, kumbe, ameshaliwa.

Nimeamua Kwaresima hii kuacha fitina. Nitaanza kesho, maana leo nina mpango mmoja mzuri. Jumamosi nitaisifia kofia ya Mama Marita. Ile kofia yake ya sherehe ni kama kuku anayelalia mayai, lakini nitamwambia inampendeza kama malkia. Mwanamke akisifiwa kofia hahesabu skrini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna mteja hata mmoja.

Nimekaa kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Linux tangu asubuhi. Nimempata mtu wa nchi nyingine mwenye shida yangu ileile: skrini ya pili, giza, kila kitu kinasema sawa. Nikasoma kwa moyo unaodunda. Mwisho wake kaandika, "Nimeshatatua, asanteni," akaondoka. Hakusema alitatua vipi! Mwaka 2016! Nimemlaani yeye na kizazi chake, kisha nikamsamehe kwa sababu ya Kwaresima.

Kuna mwingine aliyeshauri nisome kumbukumbu za mashine. Mistari elfu nne. Nimesoma mia tatu. Mashine yangu inalalamika kuliko mama mkwe, lakini kuhusu skrini haina lawama yoyote.

Sasa naandika ukweli, kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Nimechoka. Mambo haya ya mashine Crispus angeyamaliza dakika tano. Angepiga mluzi, angebonyeza viwili vitatu, angesema tayari kaka. Mchana tulikuwa tunakula obundu sahani moja, unga wa muhogo anausonga yeye, kwa namna ya marehemu mama, laini bila donge. Sasa nakula peke yangu, nusu nampa paka, na paka naye hamalizi. Kibao cha duka kiliandikwa BALUKU NA NDUGU. Alipoondoka nilipaka rangi juu ya NA NDUGU. Mvua ikinyesha rangi inachujuka, maneno yanaonekana tena. Nina kopo zima la rangi chini ya meza. Mwezi wa kumi na moja huu, sijalifungua.

Na lile jambo la meza. Yeye ndiye anayechapa haraka. Basi. Nimesema.

Nimetazama nje sasa hivi. Watu kumi na wanne chini ya turubai la Geneviève, na mwendesha boda mmoja anajifuta macho. Labda ni moshi wa mafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya soko, barabara imejaa. Nimetengeneza tangu alfajiri, na giza ni lilelile.

Watu wamekuwa na tabia ngeni leo. Mwendesha boda nisiyemjua kasimama mlangoni kaniambia, "Mzee, wewe samehe yeye tu," akaondoka. Nani? Mama mmoja muuza nyanya kanishika bega, akarudi kwa nyanya zake. Saa saba mchana Geneviève kavuka barabara na sahani iliyofunikwa. Nikauliza imetoka kwa nani. Kasema imetumwa. Obundu na samaki. Laini, bila donge. Nimekula yote, paka hakupata kitu. Sijui nani Bwera anasonga hivyo siku hizi.

Turudi kwenye vita. Kesho ndiyo kesho. Bwambale amekataa kupona, basi atapona kwa nguvu. Mpango wa mwisho: karatasi! Nimechapa sura ya Masika mmoja, kubwa, rangi safi, na jina lake chini, kipimo sawasawa na skrini. Kesho nitaibandika juu ya Bwambale kwa gundi. Mama Marita atatazama kwa mbali, ataona skrini inawaka, atanipa kazi. Halafu nitakuwa na wiki nzima ya kutengeneza. Sharti ni aone sura. Ataona sura!

Soko limeisha lakini watu hawaendi. Umati mkubwa ng'ambo, umeelekea dirisha langu. Mbele kabisa kuna kofia kama kuku anayelalia mayai. Bwera kuna kofia mbili kama ile? Pole zake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo naandika kwa kalamu, nyuma ya karatasi yenye sura ya Masika. Nitaeleza kwa nini.

Saa nne nilibandika karatasi. Ilikaa vizuri. Nikaketi kwenye laptop, nikaifungua niweze kuonekana nina kazi. Saa nane wakaja kutoka uwanja wa sherehe, akina mama arobaini wamevaa gomesi za rangi zote, wanaimba. Mama Marita mbele. Kufika dirishani wakaanza kucheka kabla sijasema kitu. Mimi nikatoka, safari hii mikono imejaa viti vya wageni, nikasahau kufunga laptop. Nikainama, nikasema, "Mama, kofia yako inakupendeza kama malkia."

Akaivua. Akaiweka kwenye kiti changu, taratibu. Akasema tusiisumbue, inalalia mayai.

Kisha akashika pembe ya karatasi, akaivuta. Chrrr! Chini yake Bwambale anawaka kama mchana. Na juu ya Bwambale, herufi kubwa nyeusi, maneno yangu mwenyewe: "Mpango wa mwisho: karatasi!"

Nilitamani ardhi inimeze na viti vyangu.

Nimeelezwa yote mbele ya watu. Bwambale amekuwa mzima tangu Jumanne. Nikiandika, anaonyesha. Nikifunga laptop ili nitoke kumwangalia, skrini zote mbili zinalala, mkubwa na mdogo, ndiyo maana mimi peke yangu katika Bwera nzima sijawahi kumuona akiwaka. Wamenisoma siku nne. Sura zinazozeeka, wamesoma. Kofia, wamesoma. Geneviève akasema kwa huruma kwamba alijaribu kuniambia. Akaomba pia nisiache kuandika, maana tangu Jumanne anakanda unga mara mbili kwa siku.

Nikamwambia Mama Marita nimekosa, nitaenda Mubuku, filimbi naistahili. Kasema mambo mawili. La kwanza, jana alisimama ng'ambo ya barabara bila miwani, akasoma tusi la kofia yake herufi kwa herufi, kwa hiyo skrini ni nzuri, hata Masika wa miaka themanini ataona. La pili, fundi wa mwaka juzi alificha makosa yake mpaka kadi zikagawiwa. Mimi nimeshindwa kuficha hata lililo moyoni. Kazi ni yangu.

Vigelegele! Halafu akainua kidole. Kwa sharti moja: aliyeandikwa siku ya Alhamisi aje achape, maana anachapa haraka, na mwenye duka mwenyewe ameshakubali kwa maandishi.

Crispus alikuwa amesimama nyuma ya akina mama. Macho mekundu. Ana printa mikononi, tayari ameibeba. Nilikuwa na maneno mengi ya mkubwa kwa mdogo. Nikamwambia tu, "Samaki alikuwa mtamu." Akasema anajua, Geneviève alimletea sahani tupu. Tukashikana mikono, tukaishia kukumbatiana na printa katikati.

Aliomba kitu kimoja. Lile kopo la rangi nimpe, akapake choo.

Wasingya, asante Mungu. Nimelia kidogo. Hapa kwenye karatasi hakuna anayeona.

Jumatatu, 10 Machi

Kalamu inachosha mkono. Nimerudi kwenye laptop.

Kazi inakwenda vizuri ajabu! Leo tumemaliza akina Masika thelathini na wanane. Kila mmoja alisimama dirishani, akajitazama kwenye skrini, akasema ndiyo huyu ni mimi, ndipo tukachapa. Yule bibi wa miaka themanini alikuja na kadi yake ya bibi harusi. Kaiona sura yake ya kweli, kaikataa, kaomba tumwachie ile. Crispus amembembeleza nusu saa. Ana subira, mdogo wangu. Meza ya mlangoni tumeweka zote mbili, yake na yangu. Mlango haupitiki tena, wateja wanaingilia uani. Lakini upepo tunaupata wote.

Crispus amenieleza tena kuhusu mipangilio. Ati nikitaka kuandika mambo yangu nichague skrini ya laptop peke yake, kisha niangalie bila kufunga mashine. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nafikiria samaki. Mkubwa hawezi kufundishwa na mdogo mbele ya wateja, na isitoshe mimi nina njia yangu. Faili nimeibadilisha jina, sasa ni "Risiti za 2018". Kisha nikafunga laptop kwa neno la siri, nikazunguka mpaka dirishani kuhakikisha kwa macho yangu mwenyewe. Nyeusi tii. Salama kabisa!

Kwa hiyo naweza kuandika kwa uhuru. Nimeona skrini nyingine kwa Jean-Bosco, pana kama mlango. Yeye hajui thamani yake. Kesho nitamwambia ina ufa, nitajifanya namwonea huruma, nitampa ule mwavuli wangu usiofunguka. Nitaitundika juu ya meza yangu, si ya Crispus, ili mteja akiingia ajue mkubwa ni nani. Jina lake litakuwa Masereka. Kwetu mtoto wa kiume wa tatu ni Masereka.

Geneviève amepiga kelele sasa hivi kutoka ng'ambo. Anasema Jean-Bosco hataki mwavuli usiofunguka. Benchi zima linacheka. Crispus yuko pale na chai yake, ananitazama, anafanya mikono kama mtu anayehangaika kufungua mwavuli.

Ajabu! Sijamwambia mtu. Kumbe yule mpelelezi bado yupo. Basi kesho nitamtegea mtego, na mtego wenyewe nauandika hapa sasa hivi, mpaka kipengele cha mwisho, nisije nikausahau.